Gari la kwanza la mdogo wangu

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku, ndiyo kwanza ametoka kazini. Anahudumia wazee majumbani hapa Birmingham, Uingereza: unamwogesha mmoja, unampa mwingine dawa, unakimbilia nyumba ya tatu. Wenye gari wanapangiwa nyumba nyingi, yeye wa basi na miguu anapewa zinazobaki. "Kaka, nimeliona gari," akasema. "Jeusi, linang'aa, bei chee. Jumamosi twende."

Nikamuuliza kama ameulizia bima. Kimya.

Nyumbani tumezoea kuanza na gari. Unalitazama, fundi wako anasikiliza injini, unalipa, kisha unakata bima ndogo na maisha yanaendelea. Hapa ukianza hivyo umeumia. Bima ya mwanafunzi wa udereva, au ya mtu aliyefaulu mtihani juzi, inaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Magari ya zamani yamepangwa katika makundi ya bima kuanzia la 1 hadi la 50, na mwanafunzi anatakiwa abaki kule chini kabisa. Kwa hiyo kabla hujapanda basi kwenda kuliona, chukua namba za gari kwenye tangazo, ziingize kwenye tovuti za kulinganisha bima, uone. Lile jeusi lilikuwa na injini ya lita 1.6 na rimu kubwa. Tuliingiza namba tukiwa bado kwenye simu, na mwenyewe akasema basi, tuliache.

Alikuja na leseni ya Tanzania, lakini mwaka wa kwanza uliishia kwenye kodi ya nyumba na kutuma pesa kwa mama. Miezi 12 ikishapita tangu uhamie, leseni yetu haikuruhusu tena kuendesha huku, wala huwezi kuibadilisha kama wafanyavyo ndugu zetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Unaanza upya: leseni ya kujifunzia, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, vibao vya L nyekundu mbele na nyuma, na pembeni yako mtu aliyevuka miaka 21 mwenye leseni kamili kwa miaka 3 au zaidi. Mtu huyo ni mimi.

Dar alizoea otomatiki. Ukifanyia mtihani otomatiki hapa, leseni yako haikuruhusu kuendesha gari la gia za mkono. Nilimsihi ajifunze gia, kwa sababu magari madogo ya bei nafuu mengi ni ya gia, na siku ofisi ikimpa gari la kazi huenda likawa hivyo hivyo. Ila kama una miaka hamsini na gia zinakutoa jasho, chukua otomatiki yako kwa amani, angalia tu ni ya aina gani. Kuna Toyota Yaris na Aygo za zamani zinazotangazwa kuwa otomatiki, kumbe ndani ni giaboksi ya mkono ambayo mashine ndiyo inayokukanyagia klachi. Waliiita MultiMode. Inasukasuka wakati wa kubadili gia, na mtu aliyezoea Vitz ya nyumbani atashangaa sana.

Yaris ndiyo hiyo hiyo Vitz. Ya lita 1.0 ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo: injini yake inatumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, bima yake iko chini, na kila gereji inaijua. Kama pesa haifiki, Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107 za kuanzia 2005 ni ndugu wa tumbo moja, zimetoka kiwanda kimoja kule Kolín, Jamhuri ya Cheki, zikiwa na injini hiyo hiyo ndogo ya petroli, na mara nyingi zenye nembo ya Kifaransa huuzwa chini kidogo. Hyundai i10 nayo ni gari la kuaminika. Dizeli mwachie anayekwenda safari ndefu. Ukizungukazunguka mtaani, kichujio cha moshi kinaziba, na katikati ya Birmingham dizeli nyingi za zamani hulipa pauni 8 kwa siku tangu 2021.

Lakini "Toyota ni Toyota" isikufumbe macho. Hapa gari likifikisha miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na historia yake yote iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa namba za gari tu. Utaona lilifeli lini, kwa nini, na lilikuwa limetembea maili ngapi kila mwaka. Maili zikirudi nyuma, ondoka. Na soma zile tahadhari ndogo ndogo za mkaguzi ambazo wauzaji hawazitaji.

Yaris ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa na tahadhari moja miaka mitatu mfululizo: kutu chini, upande wa nyuma. Mwaka wa nne, hakuna neno. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma. Nilitandika koti, nikalala chini na tochi ya simu. Kumepakwa rangi nyeusi, bado inanukia. Nilipobonyeza na ncha ya ufunguo, rangi ikabonyea na vipande vya kutu vikanidondokea kwenye mkono. Mwenye gari alikuwa ametuambia kwamba hajaliwasha tangu jana, ila boneti niliikuta ya moto. Anayewahi kupasha injini kabla hujafika huenda anaficha mlio wa asubuhi. Tuliaga kwa adabu.

Ya pili ilikuwa ya 2010, maili 71,000, ina mkwaruzo mlangoni ambao mdogo wangu hakuupenda. Mimi niliupenda, umetushushia bei hadi pauni 2,600. Injini ya baridi, ikawaka mara moja. Klachi inashika mapema, bila kusubiri uachie pedali hadi juu. Risiti za sevisi zipo kwenye bahasha. Tulilipia pia ukaguzi wa mtandaoni kuhakikisha gari halina mkopo wa mtu, kwa sababu kadi ya gari ya hapa haithibitishi umiliki. Kodi ya barabara ya mwenye gari wa zamani haihamii kwako, unalipa yako kabla ya kuondoka.

Rafiki yetu mmoja alishauri tukate bima kwa jina langu kama dereva mkuu, mdogo wangu awe wa ziada, ili iwe nafuu. Nawaomba sana msifanye hivyo. Ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa, mkabaki na deni la gari la mtu mwingine na doa litakalowafuata kila mkitafuta bima. Jina lake ndilo lililoandikwa.

Jumapili jioni tunakwenda kwenye maegesho matupu. Wiki ya kwanza gari lilizimika mikononi mwake mara kumi na moja. Juzi alipandisha kilima kutoka taa nyekundu, breki ya mkono ikashuka polepole, gari halikurudi nyuma hata inchi. Akanigeukia, nikamwambia, "Tazama mbele, mama."