Anayeuliza Neno la Siri ni Nani? Siku Yangu Saiba, Kondele

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua saiba, duka letu la kompyuta na intaneti hapa Kondele, Kisumu, nikafagia, nikawasha mashine zote saba. Nje boda walikuwa wameanza kuitana abiria.

Saa tatu akaingia mama aliyetoka Ahero na matatu ya mapema, flashi kaifunga kwenye pembe ya leso.

"Mwanangu, hii barua ya binti ya kujiunga na chuo nimepakuliwa kwingine mara tatu. Haifunguki."

Jina la faili liliishia na pdf, lakini ukubwa wake ulikuwa kilobaiti 6. Barua ya kurasa nne yenye nembo haiwi nyepesi hivyo. Nikaifungua kwa Notepad, programu ya maandishi matupu, mstari wa kwanza ukasomeka <!DOCTYPE html>. Hiyo ni alama ya ukurasa wa tovuti. Kumbe ni ukurasa wa kuingilia kwenye akaunti, umehifadhiwa kwa jina la barua.

Kwenye mashine yetu mambo yakawa yale yale: akaunti imefunguka, jina la binti liko juu, lakini nikibofya pakua naulizwa neno la siri upya. Mama akataka tuliandike tena.

"Ngoja kwanza, mama. Tukikosea mara nyingi akaunti inaweza kufungwa."

Chanzo kilikuwa programu ya kuharakisha upakuaji ambayo mteja fulani aliiweka kwenye kivinjari. Ukiingia kwenye tovuti, seva, yaani kompyuta ya tovuti, hukupa kidakuzi, mfano wa kile kibao chenye namba unachopewa supamaketi ukiacha mkoba kaunta. Programu ile ilikuwa ikienda kuuchukua mkoba bila kibao, na mtu asiye na kibao lazima aulizwe ni nani. Nikaizima, nikabofya tena: kilobaiti 480, barua kamili. Mama aliisoma yote akiwa wima, kisha akaomba nakala mbili.

Saa sita stima ilipotea kidogo. Nikala ugali na omena.

Saa nane akanipigia mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Kazini kwake, kila akipakua faili, kidirisha kinashuka juu ya kivinjari kikitaka jina na neno la siri.

"Mwalimu, usiandike kitu. Nisomee kwanza anayeuliza ni nani."

Akasoma: anwani ya proksi, yaani lango ambalo mtandao wa kazini hupitia, mwisho wake 8080. Hapa ndipo wengi hupotea, na inaniuma. Hilo ni jibu ambalo kwa namba za mtandao huitwa 407: lango la mtandao wa kazini ndilo lililotaka kumjua. Ingekuwa tovuti yenyewe, jibu lingekuwa 401 na kidirisha kingetaja anwani ya tovuti. Asubuhi nzima alikuwa akilikabidhi lango neno la siri lisilolihusu. Nikamsihi alibadilishe leo leo, kisha aombe la lango kwa fundi wao. Alipojaribu kwa data ya simu, faili ilishuka bila swali.

Saa kumi akaja mwanafunzi, naye faili zake zilikataa kupakuliwa. Sisi ndio huwafungulia wateja hali fiche (Incognito), dirisha la kivinjari linalosahau kila kitu likifungwa, wasiache akaunti zao wazi, na bado naiamini. Ila Chrome katika hali hiyo huzuia vidakuzi vya tovuti za kando, yaani zisizo ile uliyoifungua, na faili zake zilikaa kwenye anwani nyingine. Nikaviruhusu kwa tovuti ile pekee, akapata.

Saa moja jioni nilipitia mashine zote kuiondoa ile programu. Kwenye ya saba nikakuta neno la siri la barua pepe ya mtu, limehifadhiwa na kivinjari. Nikalifuta kabla ya kuzima taa.