Kamera ya Macho Mawili

Habari za ile kamera ya Yashica nilizipata kwa fundi wa redio pale Langoni, wiki ya Maulidi, Lamu ikiwa imefurika wageni hata pa kulala ni kuombana. Niliingia dukani kwake kutafuta betri. Akaiona Pentax niliyovaa shingoni, akauliza kama filamu bado zinapatikana. Nikamwambia zipo, ila bei yake inakata maini. "Basi kuna mzee mtaani ana yake ya macho mawili," akasema, na papo hapo akamtuma kijana anipeleke.

Mimi ni mkusanyaji, sikatai, ila si wa kabatini. Kamera isiyotiwa filamu kwangu ni pambo tu, na mapambo nyumbani yametosha. Ndiyo maana nikienda kununua sikosi tochi ndogo mfukoni.

Mzee alikuwa na studio zamani: picha za harusi, za kitambulisho, za vijana waliojitengeneza mbele ya pazia lililochorwa bustani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamwita mjukuu alete kamera. Ikaja imefungwa kwenye leso, inanuka udi. Ilikuwa Yashica Mat-124G, aina iliyoanza kutoka Japani mwaka 1970, lenzi ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Pembeni mwa chumba kulikuwa na mashine ya kukuzia picha, imefunikwa gunia. Nikaikodolea macho. "Hiyo haiuzwi," akaniwahi kabla sijasema neno.

Nikaomba ruhusa ya kuikagua kamera. Nikafungua mgongo, nikaiweka kwenye kasi ya B ili mlango wake wa kupitishia mwanga ubaki wazi, nikafungua tundu la lenzi hadi 3.5, yaani wazi kabisa, nikamulika tochi. Huku kwetu pwani watu huogopa kutu, lakini adui mkubwa ni kuvu. Unyevu huiotesha ndani ya vioo, na ukimulika unaiona imetanda kama utando wa buibui. Lenzi ya juu ilikuwa nayo kidogo ukingoni, ya chini safi kabisa. Kisha nikaweka kasi ya sekunde moja, nikaisogeza sikioni. Grisi ikikauka, hiyo sekunde moja huvutika ikawa mbili, au mlango ukagoma kufunga. Hii ilikoroma kidogo, ikafunga sawasawa.

Kipima mwanga ndicho kilichokuwa kimekufa. Kilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo hazitengenezwi tena. Nikalitaja hilo kwa sauti ya masikitiko, roho yangu ikiwa kwenye bei.

"Kipima mwanga?" mzee akashangaa. "Mimi hicho sikukitumia. Forodhani jua la adhuhuri, tundu la lenzi kumi na sita. Kichochoroni penye kivuli, nne. Na ukiona mboni za paka zimepanuka zikawa nyeusi tupu, mwanangu, rudi nyumbani ukale."

Kwa paka wa Lamu walivyo wengi, hicho kipimo hakikosekani.

"Sasa ami, bei?"

Hakunijibu. Alivaa kofia, akachukua bakora. "Ndoo," akasema, yaani njoo, tukatoka. Tulipishana na punda wamebeba mifuko ya simenti, hadi tukafika kwenye ukuta wa bahari. Mashua moja ilikuwa inakatiza mbele yetu, imetweka. Akanipa kamera. "Nifuatie ile. Isinitoke kiooni."

Kamera hii huiweki jichoni. Unaishika usawa wa tumbo, unainama kutazama kioo kilicho juu yake, na kwa sababu picha inaletwa na kioo kimoja tu, kulia na kushoto hubadilishana. Mashua ilikwenda kulia, kiooni ikaelekea kushoto. Mikono ikataka kuikimbiza huko huko, na chombo kikanipotea. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Usifuate kioo. Fuata kwa kitovu! Kitovu kikiitazama mashua, kamera nayo inaitazama."

Nikageuza kiwiliwili chote, mikono nikaituliza. Mashua ikaingia katikati ya kioo ikakaa humo, tanga lote, nahodha na mtoto aliyekuwa anateka maji, mpaka ikapita.

"Elfu ishirini," akasema mzee.

"Kumi, ami."

"Kumi ni bei ya mkoba wake."

Tulikubaliana kumi na nne, mkoba wa ngozi ukiwa ndani yake. Leso alibaki nayo, akasema ya mkewe.

Filamu ya 120, ile pana inayoingia kamera hii, sikuwa nayo, kwa hiyo niliitia ya kwanza niliporudi Mombasa: Ilford FP4, picha kumi na mbili. Filamu ile ni ya ISO 125, kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga, nami nikaweka kasi ya 1/125 ya sekunde, nikafuata hesabu za mzee bila kuongeza wala kupunguza, juani kumi na sita, vichochoroni vya Mji wa Kale nne. Nilipeleka Nairobi kusafishwa. Zilivyorudi, za vichochoroni zilinipendeza kuliko zote. Hata michoro ya misumari kwenye mlango mmoja ilisomeka.

Nilikuwa bado sijamtumia hata moja simu ilipolia. Mzee. Mkewe amenunua friji, na mahali pa kuiweka ni pale pale penye mashine ya kukuzia picha. Nikauliza bei.

"Lete picha kwanza nizione," akasema, "ndipo tutazungumza bei."