Cuttack hadi Kendrapara: mpunga unaosubiri na mpunga unaokimbia

Ukitoka Bhubaneswar kwenda Cuttack, jimboni Odisha, India, unavuka mto Kuakhai, kisha Kathajodi, na upande wa pili wa mji kuna Mahanadi. Huku ndiko ilikotoka Dhalputtia, mbegu ya mpunga ya wakulima inayostahimili kuzama majini, iliyochambuliwa ikaitwa FR13A.

Kituo cha utafiti wa mpunga cha Cuttack kipo tangu 1946. Tulisimama kwenye birika la majaribio. Miche ya wiki tatu huzamishwa yote kwa wiki mbili hivi, FR13A ikipandwa kando ya IR42, mbegu isiyostahimili, ambayo hufa upesi. Ncha ya jani ikichungulia juu, mche unapata hewa na jaribio halina maana tena. Tope na mwani nao huzuia mwanga, na hapo hata mbegu stahimilivu huoza. Usihesabu miche iliyonusurika siku maji yanapotolewa. Ngoja wiki mbili au tatu. Siku ya kutoa maji, mche wa IR42 ni mrefu, umepauka, ukiubana vidoleni unateleza. Wa FR13A ni mfupi, majani yamekauka, lakini shina chini bado ni gumu na jeupe. Jani jipya litatokea hapo.

Tofauti hiyo inatokana hasa na Sub1A kwenye kromosomu ya 9, jeni iliyotambuliwa 2006. Chini ya maji gesi ya ethilini hukwama ndani ya mmea. Mpunga wa kawaida huitikia kwa kurefuka, ukimaliza sukari yake. Sub1A huongeza protini zinazozima jiberelini, homoni ya kurefusha, hivyo akiba inabaki. Swarna, mbegu nyingine ya mpunga, ina aleli dhaifu (yaani toleo dhaifu) ya jeni hii, kwa hiyo kuangalia tu kama jeni ipo hakutoshi. Wakati wa kuingiza Sub1A ya FR13A katika Swarna, kwa kuzalisha tena na tena na Swarna kizazi baada ya kizazi, alama za DNA zilikaguliwa pande zote mbili za jeni. Bila hivyo kipande kirefu cha DNA ya FR13A huja pamoja na jeni hiyo, pamoja na mavuno yake duni. Swarna-Sub1 iliidhinishwa India 2009.

Tukashuka kuelekea Kendrapara, karibu na pwani, na hapo sifa za Sub1A zikaanza kupungua. Kwenye mabonde ambako maji hutuama kwa miezi, mche unaosubiri hufia chini. Huko unahitajika mpunga wa maji marefu, wenye jeni za SNORKEL1 na SNORKEL2 kwenye kromosomu ya 12: ethilini ni ile ile, ila pingili hurefuka, hata sentimita 25 kwa siku. Na mbegu iliyofunikwa na maji kabla ya kuota, Sub1A haiisaidii.

Kwa hiyo uliza kwanza maji hukaa siku ngapi na kina gani, ndipo uchague mbegu. Ukipanda Swarna-Sub1, usizidishe urea kabla ya mafuriko, maana mche laini huoza haraka; maji yakishuka, ngoja majani mapya yachomoze ndipo uweke.