Akina mama wa ushirika wa vikapu

Jamani, leo nimeshinda na akina mama waliokimbia vita, wanaosuka vikapu kwa ushirika. Mmoja alinionyesha kitako cha kikapu, yaani sehemu ya chini: usipokikaza vizuri mwanzoni, kikapu chote kinapinda. Chake kilikuwa kimelegea upande, akakifumua palepale, akaanza upya.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu zao. Wananunua malighafi kwa jumla na kupanga bei pamoja, kwa hiyo dalali hawezi tena kumbana mmoja mmoja mwenye shida. Na hii si hisani! Ibara ya 18 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inataja haki ya mkimbizi kujiajiri katika kazi za mikono, hata kuanzisha kampuni.

Mkinunua, tafadhali ulizeni aliyesuka analipwa kiasi gani, na lini.