Alama tisini za mtu aliyefanya kazi moja

Leo nimeshinda ndani ya mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni. Sijafundisha chochote, nilikuwa napanga kozi za semesta mpya tu, kazi ambayo hakuna mtu anakuuliza umeifanya vipi mpaka siku linki igome kufunguka, hapo ndo utajua kumbe watu huwa wanaingia.

Sisi tunatumia Moodle, ile ya Martin Dougiamas wa Australia, ipo tangu 2002 na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua bure akaibadilisha anavyotaka, ndo maana ukihamia chuo kingine unakuta ni ileile lakini vitufe haviko ulikovizoea. Kozi ya zamani unaikopi kwenye mpya, mada zinakuja, kwizi zinakuja, mafaili yote yanakuja, na tarehe zinasogezwa kufuata siku mpya ya kuanza kozi. Raha kweli, mpaka ufungue maelezo ya asainmenti ukute umeandika kwa mkono wako "mlete Ijumaa ijayo", na hiyo Ijumaa ni ya mwaka jana, hakuna mfumo wa kuisogeza hiyo. Kwa hiyo inabidi usome kila kitu mwenyewe, mstari kwa mstari, na macho yanauma.

Halafu dedlaini. Asainmenti moja ina tarehe tatu: ya kufungua, ya mwisho, na ya kufunga kabisa. Ikipita ya mwisho mwanafunzi bado anaweza kutuma ila anaandikwa kachelewa, ikipita ya kufunga mlango umefungwa. Mimi huwa naacha siku mbili katikati, maana intaneti inagoma na simu zinazima, na sioni faida ya kumnyima mtu mlango kwa dakika tano. Ila ugomvi mkubwa uko kwenye saa. Mfumo ukisema Ijumaa 00:00 una maana usiku wa kuamkia Ijumaa, sasa nusu ya darasa inaelewa Ijumaa yenyewe usiku, wanakuja asubuhi yake wametulia kabisa hawana habari. Siku hizi naweka 23:59 kila mahali, ubishi umeisha.

Nilipomaliza hayo nikajigeuza mwanafunzi, kuna sehemu ya kubadilisha upande uone wanavyoona wao. Jamani kila mwalimu angefanya hivyo kabla ya kufungua kozi! Upande wangu nilikuwa naona ukurasa umejaa, upande wao wiki ya tatu tupu, nusu ya vitu vilikuwa bado vimefichwa toka vilipokopiwa. Ukiwa mwalimu kilichofichwa unakiona kama kawaida, kina kialama kidogo tu pembeni, ni rahisi sana jicho kukiruka.

Sasa nifike kwenye kitabu cha alama, hapo ndo nilikaa mchana kutwa. Chukua kozi yenye asainmenti tano, kila moja alama 20. Mtu kafanya ya kwanza tu kapata 18, zingine nne hajagusa. Ukiacha mipangilio ilivyokuja, jumla yake inasoma asilimia 90, kwa sababu nafasi tupu hazihesabiwi, mfumo unapiga hesabu ya kilichosahihishwa tu. Mtoto wa watu anaangalia 90 kila wiki anajiona yuko vizuri, na wala hajadanganywa na mtu. Ukigeuza nafasi tupu zihesabiwe, basi wiki ya pili darasa zima linasoma 18, 15, 12, wanaanza kuandika "Mwalimu samahani, naomba kuuliza, hivi nimefeli?" wakati kazi zingine hata hazijafunguliwa. Kila njia ina lawama yake. Nimeamua kuacha tupu zisihesabiwe, ila asainmenti ikishafungwa kabisa naingiza sifuri mwenyewe kwa kila aliyekosa. Ni kazi ya ziada, najua, lakini sifuri inaonekana na mtu anashtuka mapema, tupu haishtui mtu.

Kitu cha mwisho nilichobishana nacho kichwani ni kumbukumbu za nani kaingia na lini. Kuna wenzangu wanazitolea alama za ushiriki, ukiingia sana unapata, usipoingia hupati. Mimi naona sio haki hata kidogo. Kwenye masomo ya mtandaoni mmoja anapakua PDF ya notsi, anawarushia wenzake kwenye grupu la WhatsApp, wote wanasoma, kumbukumbu zinaonyesha mmoja. Na mwingine anafungua kila ukurasa sekunde tatu tatu ili aonekane alikuwepo, huyo ndo angepata alama zote. Kumbukumbu zina kazi yake lakini, mtu akipotea kabisa, hajaingia na hajatuma kitu, namwandikia ujumbe mfupi kumuuliza kama yuko salama. Wengi wanajibu, tena wanajibu haraka.

Basi ile asilimia tano ya ushiriki iliyokuwa kwenye kozi yangu nimeitoa kwenye kitabu cha alama nikaiongeza kwenye kwizi, nimeandika tangazo kuwaeleza sababu. Tangazo likishawekwa mfumo unakupa kama nusu saa ya kulirekebisha kabla haujawatumia watu imeli, na nimeitumia yote, maana sentensi ya kwanza ilikuwa na ukali ambao hawajafanya kosa la kuustahili.