Usiku wa radi tulipolala garini na Simba

Juzi mwanangu mdogo aliniuliza kwa nini mbwa wetu Simba anajibana chini ya kitanda ilhali nje jua bado linawaka. Nikamwambia mbwa husikia mbali kuliko sisi. Haukupita muda, ngurumo ya kwanza ikasikika. Nilianua nguo huku mawazo yameshaniishia kwenye ule usiku wa hemani, enzi mbwa wetu mwingine, Popi, bado yupo.

Utabiri wa siku ile ulisema uwezekano wa mvua ni asilimia 40. Namba hiyo inakwambia kama mvua yaweza kunyesha. Haikwambii itakuwa manyunyu au gharika. Manyunyu hayajawahi kunizuia kupiga kambi. Ninachokitafuta kwenye utabiri ni radi, na safari ile waliandika "huenda." Kwa hiyo kabla hatujapakia hata godoro, baba watoto aliweka sharti: gari litaegeshwa karibu na hema, ufunguo utakaa mfukoni mwake, na dalili ya radi ikionekana hakuna mjadala, wote tunahamia garini.

Hema tulilisimamisha mahali palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji na mbali na ule mti mrefu uliosimama peke yake, ingawa watoto waliupenda kwa kivuli chake. Upande mwembamba tuliuelekeza kwenye upepo. Vigingi tulivipigilia kwa mshazari, vichwa vikiegemea nje, maana kigingi kilichosimama wima hung'oka kamba ikivutwa na upepo. Turubai la chini tulilikunja kingo zake ziingie ndani ya ukingo wa hema. Likichomoza hata kidogo, hukinga maji yanayotiririka kutoka juu na kuyaleta moja kwa moja chini ya magodoro. Juu ya sakafu, upande wa mbwa, tulitandika blanketi nzito kwa sababu ya kucha zao. Jioni ilikuwa njema, na sina mengi ya kusimulia.

Usiku ndipo hema lote lilipong'aa mara moja, nikaona hata mishono ya zipu. Mwanangu mkubwa akaanza kuhesabu kwa sauti kama tulivyomfundisha. Alifika kumi na tano ndipo ngurumo ikaja. Sauti husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde 3, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita 5 hivi. Ukihesabu chini ya 30, uko mahali ambapo pigo linalofuata laweza kukufikia. Hema halikingi radi hata kidogo. Gari lenye bodi na paa la chuma, vioo vikiwa vimepandishwa, linakinga, kwa kuwa umeme hupita kwenye chuma cha nje kwenda ardhini.

Watoto walitangulia na baba yao. Popi nikamfunga kamba, akatoka bila shida. Simba akakataa.

Alikuwa amejisukumiza kwenye kona, mkia umebanwa tumboni, masikio yamelala nyuma, ulimi nje, mate yanadondoka kwenye blanketi. Nilipomgusa ubavuni nilihisi mwili wote ukitetema, na moyo ukipiga mbio chini ya kiganja changu. Mbwa aliye katika hali hiyo usimvute kwa kola. Kola huchomoka kichwani, naye akikimbia gizani hajui anakwenda wapi. Na hata mbwa mpole akibanwa kwa hofu anaweza kumuuma mtu anayemfuga. Nikafunga zipu ya mlango kwanza. Nikamvalisha mkanda wa kifuani, nikakaza kishikizo cha mgongoni na cha tumboni, nikaunga kamba na kuizungusha kiganjani. Ndipo baba watoto akaingia, akamfunika blanketi, akapitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, akamnyanyua kilo zake 28. Zipu tuliifungua yeye akiwa tayari mikononi. Mmweko mwingine ukaja tukiwa katikati ya hema na gari. Simba alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Garini tulikaa tumebanana, vioo vimejaa ukungu, tumeambiana tusiguse sehemu za chuma. Kanuni ni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inakurudisha mwanzo. Ilirudi mara nyingi, hadi watoto wakalala.

Asubuhi hema lilikuwa limelegea, kwani nailoni hunyooka ikilowa. Tukakaza kamba na kuliacha lipate jua. Mbwa tuliwafuta kwa taulo, tukawatazama kupe katikati ya vidole, ndani ya masikio na kwapani. Hema tulilianika tena nyumbani, maana likikunjwa na unyevu huota ukungu.

Kabla ya usiku ule Simba alikuwa akisikia radi anainua kichwa tu. Sasa anajificha hata kwa ngurumo ya mbali. Baba watoto anasema ni umri. Daktari wa mifugo anasema hofu ya namna hii inaweza kukua msimu hadi msimu, chanzo chochote kile. Mimi nakumbuka ule mlio njiani, na siwezi kusema kama kumtoa kulimtia hofu au kulimkuta nayo. Kumwacha hemani lilikuwa jambo lisilowezekana.

Likizo inakaribia na watoto wanataka hema. Mkubwa anasema Simba aende, atamshika mwenyewe. Mimi nataka abaki kwa dada yangu. Hatujaafikiana, isipokuwa kwamba utabiri ukitaja radi, hata kwa "huenda," tunaahirisha.