Kipimo saa moja, mahakamani saa tano: siku yangu moja kama afisa wa probesheni

Saa 1:00 asubuhi. Sijatua hata mkoba, wawili wako mlangoni wanangoja kupuliza kipimo cha pombe. Ni amri ya mahakama kwa hawa ninaowasimamia wakitumikia adhabu nje ya jela: asubuhi na jioni, kila siku. Wote wasafi. Wa tatu hajatokea.

Utaratibu huu ulianzia jimbo la South Dakota, Marekani, mwaka 2005. Kule, ukikutwa umekunywa, unalala ndani usiku mmoja au miwili, kisha unarudi kazini kwako. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipotazama kaunti zilizoutumia, mwaka 2013 waliripoti kwamba kukamatwa tena kwa kuendesha gari mtu akiwa amelewa kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ukatili wa majumbani kwa asilimia 9. Adhabu yenyewe ni ndogo mno. Kinachouma ni kwamba inakuja leo leo.

Saa 3:00. Mahojiano ya ripoti ya hakimu. Mzee mmoja, kesi ya kupigana baa. Namsomea maswali 10 ya AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe. Anajibu kwa tabasamu: mara chache, mara chache. Tukafika swali la sita, kama mtu huhitaji kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi, ndipo siku ianze. Tabasamu likakatika.

"Mikono inatetemeka, bwana afisa. Nisipozimua siwezi hata kufunga vifungo vya shati."

Turudie basi, mzee wangu, tangu swali la kwanza. Safari hii alama ni 27 kati ya 40. Ukifikisha 20 tunashuku utegemezi, na hapo amri ya "asiguse pombe kuanzia leo" inaweza kumuua: mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huweza kuingia degedege na kuweweseka. Naandika kwa herufi kubwa: DAKTARI KWANZA. (Ndiyo, hakimu hachukii herufi kubwa. Anachukia kurasa nyingi.)

Saa 5:00. Mahakamani. Tumepewa dakika sita. Daktari amekubaliwa. Hakimu anauliza, nusu kwa utani, "Haya mazungumzo yenu yanasaidia kweli?"

Nikamweleza jaribio la Uingereza lililofanywa kwa watu walio chini ya probesheni. Kundi moja lilipewa kijitabu tu. La pili, dakika chache za ushauri. La tatu, ushauri mrefu kidogo. Ndani ya mwaka, asilimia 50 ya wa kijitabu walikuwa wametiwa hatiani tena, wa ushauri 36 na 38. Ila unywaji wenyewe haukutofautiana kati ya makundi.

"Sasa kilichobadilika ni nini?"

Muda ukaisha. Nashukuru, maana jibu langu si la kitaalamu. Jibu langu huja ofisini saa tisa.

Saa 8:00. Kikao cha kikundi. Wanane, mmoja amesinzia.

Saa 9:00. Dada mmoja, miezi 14 sasa tangu ahukumiwe kwa kuendesha amelewa. Alama zake za AUDIT zimeshuka mbili tu, na mkuu wangu angemwandika ameshindwa. Lakini ijumaa jioni, kabla ya kufungua chupa, humpelekea mdogo wake ufunguo wa gari. Anakunywa nyumbani, analala nyumbani. Hajakamatwa tena. Nimejaribu kutafuta kisanduku cha kujaza hilo kwenye fomu yetu. Hakipo.

Saa 1:00 jioni. Yule wa tatu wa asubuhi amekuja, kwa miguu yake mwenyewe. Anapuliza. Kipimo kinalia. Haombi, habishi, ananyoosha tu mikono yote miwili kana kwamba pingu ziko tayari.

Ningekuwa na uwezo wa kumlaza ndani usiku huu mmoja, ningeutumia. Najaza fomu ya ukiukaji, naangalia kalenda ya mahakama: nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Namwandikia tarehe kwenye kikaratasi. Anakitazama, ananitazama, anakitia mfukoni.

"Kesho saa moja, kaka."

"Nitakuja," anasema.